Yai Si Cheti cha Afya

Ukimwuliza mfugaji wa kuku wa mayai wa hapa mpakani mwa Uganda na Kenya, awe Kiyeyi, Malaba au Busia, kuku wake wanaendeleaje, mara nyingi atakujibu kwa neno moja: wanataga. Neno hilo huchukuliwa kuwa limemaliza habari yote. Anayetaga ni mzima, aliyeacha kutaga ni mgonjwa, na hakuna cha kutafuta zaidi ya hapo. Ukitaja kumtoa kuku damu ili ini lake lichunguzwe kabla hajaonyesha dalili, utaambiwa unaleta mambo ya hospitali bandani.

Nauweka msimamo huu kama wenyewe wanavyouweka, nisije nikabishana na kivuli. Wanasema kuku wa mayai ni mnyama wa bei ndogo na wa maisha mafupi. Anaanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, anataga mwaka mmoja na ushei, kisha anauzwa kwa nyama. Akiugua ataonekana. Akifa atapasuliwa, na sababu itajulikana. Ikiwa tatizo ni ini, dukani kuna dawa ya ini ya kuchanganya kwenye maji. Isitoshe, pesa ni chache, na maabara ya mifugo iko mbali.

Wanaosema hivi si watu wa kudharauliwa. Wengi wao wamesomesha watoto kwa trei za mayai. Kuhusu pesa na umbali, wanasema kweli. Lakini hitimisho lao ni kosa, na wanaolilipia kosa hilo ni wao wenyewe. Nitazichukua hoja zao moja baada ya nyingine.

1. "Anataga, basi ni mzima"

Hili ndilo kosa linalozaa mengine yote. Kwa kuku wa mayai, ini na yai havitenganishwi. Mafuta na protini za kiini cha yai hutengenezwa kwenye ini kwa amri ya homoni ya estrojeni, kisha husafirishwa na damu hadi kwenye kiini kinachokua. Ndege hutengeneza sehemu kubwa kabisa ya mafuta ya mwili wake kwenye ini. Kuku wa kisasa anayefikisha mayai 300 kwa mwaka analitumikisha ini lake bila siku ya mapumziko. Kwa hiyo trei zilizojaa zinatuambia kwamba ini linafanya kazi nzito. Hazituambii limebakiwa na nguvu kiasi gani.

Ini lina akiba kubwa. Sehemu yake inaweza kuharibika huku iliyobaki ikiendelea kuubeba mzigo, na mfugaji asione chochote. Mwaka 1956 mtafiti J. R. Couch wa Texas aliandika juu ya kuku wa mayai wenye maini yaliyojaa mafuta. Tangu hapo ugonjwa wa ini lenye mafuta na kuvuja damu umeelezwa katika nchi nyingi, na sifa yake moja inaibomoa hoja hii kabisa: huwapata zaidi kuku wanaotaga vizuri. Mfugaji anaingia bandani asubuhi na kumkuta kuku mnene amekufa, upanga umepauka. Akimpasua, anakuta mafuta yamejaa tumboni, donge la damu limelifunika ini, na ini lenyewe lina rangi ya manjano na linameguka vidoleni. Pengine ndani mna yai lenye ganda kamili lililokuwa tayari kutoka. Kuku huyo amekufa akiwa na "cheti" chake tumboni.

2. "Akiugua ataonekana"

Ataonekana, lakini lini? Dalili za ini hazina sura ya pekee. Upanga kupauka, kinyesi kulegea, kuku kuzubaa, yote hayo yana sababu nyingi. Hata ganda la yai huhusika, maana vitamini D hubadilishwa kwanza kwenye ini, halafu kwenye figo, ndipo imsaidie kuku kutumia madini ya kalsiamu. Ini likiharibika, maganda yanaweza kuwa mepesi huku chokaa imejaa kwenye chombo. Mfugaji anaongeza chokaa, na tatizo linabaki palepale.

Tuhesabu pamoja. Una kuku 300 wanaotaga kwa asilimia 85, yaani mayai 255 kwa siku. Utagaji ukishuka hadi asilimia 75, unaokota 225. Umepoteza mayai 30, ambayo ni trei nzima kila siku, trei 30 kwa mwezi. Kuku hao wanaendelea kula gramu 110 hadi 120 kila mmoja, yaani kilo 33 hadi 36 za chakula kwa siku. Chakula hakipungui kwa sababu mayai yamepungua.

Hapa msimamo huu unajipinga wenyewe. Mfugaji anayesema ugonjwa utaonekana ndiye huyohuyo anayeeleza upungufu wa trei moja kwa mvua, joto, kelele za pikipiki au kuku kuzeeka. Upungufu anauona, lakini chanzo chake kimejificha asikoweza kukiona kwa macho, na hana njia ya kukifikia isipokuwa kupima.

3. "Tutampasua aliyekufa"

Kumpasua kuku aliyekufa ni jambo jema, na kila mfugaji anapaswa kujua njia ya kumfikishia daktari wa mifugo mzoga ukiwa bado haujaharibika. Siipingi kazi hiyo. Ninachopinga ni kuifanya ichukue nafasi ya kipimo cha walio hai.

Aliyekufa anaeleza kilichomuua yeye. Katika kundi la 300, ukipoteza wawili umebaki na 298, na swali la pesa na la maisha ni hali ya hao waliobaki. Wangapi wana ini linaloelekea huko? Tatizo linaongezeka au linapungua baada ya kubadilisha chakula? Mzoga hauwezi kujibu. Damu ya kuku kumi waliochukuliwa bila kuchagua, kutoka pembe zote za banda, inaweza kujibu kwa kiasi kikubwa. Kama 3 katika kila 10 wameathirika kiasi cha damu kuonyesha, uwezekano wa kuchukua kumi na kuwakosa wote haufiki 3 kwa 100. Hesabu hiyo mtoto wa sekondari anaweza kuihakikisha kwa kuzidisha 0.7 kwa yenyewe mara kumi.

Hoja ya kusubiri mzoga ina gharama nyingine isiyotajwa. Inamtaka mfugaji mdogo, aliyechukua mkopo wa kikundi kununua vifaranga, asubiri hasara ianze ndipo aruhusiwe kujua. Mwenye kuku 10,000 anaweza kuustahimili utaratibu huo. Mwenye 200 hawezi.

4. "Kipimo cha damu ni anasa ya matajiri"

Hoja hii ningeivumilia mahali pengine, lakini si hapa Tororo, upande wa Uganda. Mji huo ulikuwa makao ya Shirika la Utafiti wa Malale la Afrika Mashariki, lililojulikana kwa kifupi kama EATRO. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi ilibaki upande wa Uganda. Kenya nayo ikaanzisha taasisi yake ya malale, KETRI, na kituo chake cha Alupe kilikuwa hapohapo Busia. Kwa miongo mingi, pande zote mbili za mpaka huu, ng'ombe wa wakulima wa kawaida wametolewa damu ili vijidudu vya nagana, yaani malale ya mifugo, vitafutwe. Damu huingizwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, huzungushwa kwenye mashine hadi ijitenge, kisha husomwa kwa hadubini. Hakuna mwenye ng'ombe aliyewaambia watafiti hao kwamba ng'ombe wake anatoa maziwa, kwa hiyo hana nagana. Watu wa hapa wanajua mnyama anaweza kusimama malishoni huku ameubeba ugonjwa. Wakifika kwenye kuku, maarifa hayo wanayaweka kando.

Kumpima kuku damu si jambo la jana pia. Tangu mwaka 1935 Marekani ina mpango wa taifa wa kuboresha kuku ulioanza kwa kupambana na ugonjwa wa pulorumu, na silaha yake kuu ilikuwa kupima damu ya kuku wazazi. Sababu ilikuwa hiihii tunayobishania: kuku anayeonekana mzima na anayetaga alikuwa ameubeba ugonjwa na kuupitisha kwa vifaranga kupitia yai.

Kazi yenyewe ni ndogo. Mmoja anamlaza kuku ubavu na kulifungua bawa. Mwingine ananyonyoa vinyoya vichache upande wa ndani, karibu na kiwiko cha bawa, na mshipa wa samawati unaonekana chini ya ngozi nyembamba. Eneo linapanguswa kwa spiriti, sindano nyembamba inaingia, damu inavutwa polepole. Mililita moja au mbili zinatosha, na kuku mwenye afya wa kilo moja na nusu hapati shida yoyote kwa kupoteza kiasi hicho. Kidole kinabanwa juu ya mshipa hadi damu ikauke, maana mshipa wa kuku huvimba haraka ukiachwa. Damu inaingia kwenye kichupa chenye heparini ili isigande, inawekwa kwenye kisanduku cha baridi, na kuku anarudi kwa wenzake.

Na bei? Wanaolalamikia bei huitazama kana kwamba kila kuku bandani atapimwa. Hakuna anayependekeza hivyo. Wanapimwa wachache kwa niaba ya wote, na gharama hugawanywa kwa kundi zima. Wafugaji watano wa jirani wanaonunua chakula kwenye kinu kimoja wanaweza kuchangia usafiri mmoja wa sampuli. Iweke gharama hiyo kando ya trei moja inayopotea kila siku, ndipo uamue ipi ni anasa.

5. "Damu ya kuku haisomeki"

Wako pia wataalamu, si wafugaji tu, wanaosema vipimo vya ini kwa kuku havina maana. Wengi wamefika hapo kwa sababu damu ya kuku ilipelekwa kwenye maabara ya binadamu na kusomwa kwa jedwali la binadamu. Majibu ya namna hiyo kweli hayana maana, lakini kosa ni la msomaji.

Kimeng'enya cha ALT, kinachotegemewa kwa watu, kinasema machache sana juu ya ini la ndege. Bilirubini haifai, kwa sababu nyongo ya ndege ina biliverdini kwa wingi, na kuku mwenye ini bovu hapati macho ya manjano kama mtu. Chembe nyekundu za ndege zina kiini, kwa hiyo mashine za kuhesabu damu ya binadamu huchanganyikiwa. Plazma ya kuku anayetaga huwa na ukungu wa mafuta, na kalsiamu yake iko juu kupita ya jogoo, na yote mawili ni hali ya kawaida ya kutaga. Asiyejua hayo atamtangaza mgonjwa kuku mzima.

Anayejua ataomba vipimo vingine. Ataomba AST, kimeng'enya kinachopanda ini likiumia. Kwa kuwa AST hupanda pia misuli ikiumia, ataomba na CK, ambayo ni ya misuli: AST ikipanda peke yake, ini linashukiwa, zikipanda zote mbili, huenda kuku aliminywa wakati wa kukamatwa. Ataomba GLDH, ambayo hupanda pale chembe za ini zinapokufa. Ataomba asidi za nyongo, zinazoonyesha kama ini bado linasafisha damu. Kisha atayalinganisha majibu na ya kuku wanaotaga, wa umri uleule.

Vipimo hivi vina mipaka, na ni haki isemwe. Ini lililoanza tu kujaa mafuta linaweza lisionyeshe kitu. Jibu zuri la leo halimlindi kuku kwa miezi sita ijayo. Ndiyo maana hupimwa kundi, na ndiyo maana hurudiwa: mara moja kabla ya kutaga ili ijulikane hali ya mwanzo, mara nyingine utagaji ukifika kileleni, na tena baada ya kuingiza mahindi mapya yenye mashaka. Kipimo chenye mipaka inayojulikana ni bora kuliko kubahatisha kusikokuwa na mipaka.

6. "Dawa ya ini inatosha"

Chupa za dawa ya ini zimejaa kwenye maduka ya dawa za mifugo pande zote mbili za mpaka. Nyingi zina sorbito, kolini, methionini au mitishamba. Kolini na methionini zina kazi ya kweli ikiwa chakula kimepungukiwa nazo, kwa kuwa husaidia mafuta kutoka kwenye ini. Lakini swali linabaki: unatibu ini la aina gani?

Ini linaweza kujaa mafuta kwa sababu chakula kina nguvu nyingi kupita kazi ya kuku. Hapo dawa ni kurekebisha chakula. Linaweza kuharibiwa na sumukuvu ya aflatoksini. Hapo dawa ni kuyaondoa mahindi mabovu. Linaweza kuvimba na kugeuka rangi ya shaba kwa sababu ya taifodi ya kuku, inayoletwa na bakteria wa Salmonella. Hapo anahitajika daktari, tena haraka, kwa kuwa ugonjwa huo huenea. Chupa moja haiwezi kutibu mambo matatu yasiyofanana. Na mfugaji aliyekata tamaa ya chupa huhamia kwenye antibiotiki bila kipimo, mabaki yake yanaingia kwenye mayai, na mlaji anayameza bila kujua.

Anayesema hana pesa ya kupima ananunua chupa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Pesa ipo. Imekwenda kwenye tiba ya ugonjwa ambao haujatajwa jina.

7. "Hayo ni mambo ya kuku tu"

Hoja hii ndiyo inayonitia uchungu kuliko zote, kwa sababu ini la kuku na ini la mwenye kuku hulishwa kutoka gunia moja.

Katika nyumba nyingi za huku, mahindi yakichambuliwa, mazuri huenda kinuni kwa ajili ya ugali, na yaliyobadilika rangi au kuota ukungu hutupiwa kuku. Mavuno ya msimu wa kwanza mara nyingi hukutana na mvua, nafaka huanikwa juu ya udongo mtupu, kisha hufungwa kwenye magunia kabla haijakauka hadi unyevu wa asilimia 13.5 unaotakiwa na viwango vya Afrika Mashariki. Kuvu wa Aspergillus hupenda hali hiyo. Sumu yao haiondolewi kwa kupikwa.

Madhara ya sumu hii yalijulikana kwa ndege kabla hayajaeleweka kwa watu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye sumu, na wakati huohuo vifaranga wa bata kwa maelfu walikufa Kenya. Kuku huistahimili sumu hii kuliko bata na bata mzinga, na ustahimilivu huo ndio unaotudanganya: anaendelea kutaga huku ini likiliwa. Mwaka 1971 ulichapishwa utafiti wa sampuli 480 za chakula cha watu kutoka sehemu mbalimbali za Uganda. Karibu 3 katika kila 10 zilikuwa na aflatoksini, na watafiti waliihusisha na saratani ya ini. Machakos, mwaka 1981, watu 20 walilazwa kwa ugonjwa wa ini baada ya kula mahindi yenye sumu, na 12 walikufa. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na maeneo jirani, wagonjwa walikuwa 317 na waliokufa 125.

Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama Busia na Malaba. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Watu wa mpakani waliliona hilo kama ugomvi wa biashara, na biashara ilikuwemo. Lakini nafaka inayokataliwa kwenye sufuria ya mtu haimwagwi mtoni. Mlango wake wa pili ni kinu cha chakula cha mifugo.

Nisieleweke vibaya: sumu inayopita kutoka kwa kuku hadi kwenye yai ni kidogo sana, na sisemi watu waogope mayai. Nasema kuku wanaokula mahindi ya nyumba fulani wakionyesha maini yaliyoumia, hiyo ni habari ya kwanza kwa mama anayepika ugali wa mahindi hayohayo. Kuikataa habari hiyo kwa hoja kwamba kuku ni wa bei ndogo ni kuweka bei ndogo kwenye afya ya nyumba nzima.

Kinachotakiwa

Viongozi wa mifugo wa Wilaya ya Tororo na wa Kaunti ya Busia wana jambo la kufanya ambalo halihitaji maabara mpya ya kifahari: kupanga siku maalumu ya kukusanya sampuli za damu ya kuku, kuzifikisha kwenye maabara zilizopo, na kuhakikisha majibu yanasomwa na mtu anayeijua damu ya ndege. Pamoja na damu, chakula chenyewe kipimwe sumukuvu, na mizoga ipasuliwe. Mambo haya matatu yanasaidiana, wala hakuna moja linalotosha peke yake.

Wenye maduka waache kuuza dawa ya ini bila kuuliza kuku wanakula nini. Na wewe ndugu mfugaji, mahindi yaliyoota ukungu usimpe kuku, maana ini lake halikuumbwa kuwa jalala. Katika kikao kijacho cha kikundi, kabla pesa haijatoka kununua chupa nyingine, uliza swali hili na usikubali kujibiwa kwamba wanataga: damu ya kuku wetu ilipimwa lini?